Sponji Kavu Haizuii Vumbi

Mwenye motokaa asafiripo wakati wa kiangazi kutoka shambani hadi mjini, huliona vumbi jekundu juu ya viti, juu ya nguo zake na hata ndani ya mizigo. Afikapo nyumbani huzikung'uta nguo, akaiosha motokaa mpaka ikang'aa, akaridhika. Lakini vumbi la hatari si hilo lionekanalo. Ni lile livutwalo na injini pamoja na hewa, nalo halijulikani mpaka madhara yamekwisha kutokea.

Injini haiishi kwa petroli peke yake. Ili kuchoma kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14 na zaidi za hewa. Kwa kipimo kingine, kila lita moja ya petroli hutumia lita 9,000 hivi za hewa mahali palipo karibu na usawa wa bahari. Na katika nchi ya juu, kama Nakuru au Nyeri, ambako hewa ni nyepesi, hutumia nyingi zaidi. Basi motokaa iliyochoma lita 20 katika safari ya siku moja imevuta lita 180,000 za hewa au kupita hapo. Ndani ya hewa hiyo mna chembe za mchanga, na nyingine ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipenya huchanganyika na mafuta ya injini, zikawa kama kinoo, zikazisaga ringi na kuta za silinda kila pistoni ipandapo na kushuka. Haba na haba hujaza kibaba.

Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yamewaonyesha watu wengi nguvu ya vumbi la nchi hii. Baadhi ya motokaa zilizoshindana zilifungiwa bomba lililoinuliwa hadi usawa wa paa, ili zivute hewa iliyo safi kidogo. Mkulima mwenye pikapu ya kuchukulia maziwa hana bomba la namna hiyo. Kinga yake ni chujio la hewa tu.

Motokaa nyingi zina chujio la karatasi, ambalo likichafuka hutupwa. Hilo halifai kufuliwa kwa maji hata kidogo. Nyingine zimefungwa chujio la sponji, liwezalo kufuliwa na kurudishwa mara nyingi. Mwenye chujio hili huokoa fedha, lakini kwa sharti moja: sharti ajue kwamba sponji peke yake haichuji vya kutosha. Matundu yake ni makubwa kuliko chembe nyingi za vumbi. Kinachozinasa chembe hizo ni mafuta yenye kunata yaliyoenea ndani ya sponji. Sponji kavu, hata ikiwa safi namna gani, ni kama wavu wa matundu mapana uliotegewa dagaa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu mwenye bidii huitoa sponji siku ya Jumamosi, akaifua kwa petroli, akaianika juu ya mabati ya moto, kisha akairudisha kavu. Motokaa huenda vizuri, pengine kwa wepesi kuliko kwanza, kwa kuwa hewa yapita bila kizuizi, naye hujisifu kwa kazi yake. Kumbe amefungua mlango. Baada ya muda moshi wa buluu hutokea nyuma, mafuta ya injini hupungua upesi, na injini hukosa nguvu mlimani. Fundi akiifungua hukuta silinda zimelika. Ndipo fedha zilizowekwa kwa ada ya shule huishia gereji.

Njia iliyo sawa si ngumu. Kwanza, injini izimwe na kuachwa ipoe. Kabla ya kufungua kifuniko, nje ya sanduku la chujio pafutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, ili vumbi lisianguke ndani. Sponji ikiisha kutolewa, mdomo wa bomba liendalo kwenye injini uzibwe kwa kitambaa safi. Sanduku nalo lipanguswe lote. Likionekana vumbi upande wa ndani, yaani upande wa injini, ni dalili kwamba sponji imetoboka au haikukaa barabara.

Sponji ifuliwe katika beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, au kwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Petroli isitumiwe: huweza kuilegeza gundi ya maungio, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu. Sponji ibonyezwe kati ya viganja. Isikamuliwe kwa kusokotwa kama nguo, maana itachanika. Isuuzwe kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha iachwe kivulini ikauke kabisa. Jua kali na joto la jiko huiharibu upesi.

Ikikauka, itazamwe mbele ya mwanga. Iliyochanika, iliyokuwa ngumu au inayomeguka kwa vidole haifai tena. Inunuliwe nyingine ya kipimo chake. Kukata kipande cha godoro na kukitia mahali pake si hekima, kwa kuwa sponji ya godoro haikufanywa kwa kazi hiyo.

Sasa itiwe mafuta ya chujio la sponji, yauzwayo kwa jina hilo. Mafuta ya injini ni mepesi. Huteremka chini ya sponji na kuacha upande wa juu mkavu. Fundi avae glavu za mpira, aibonyeze sponji polepole mpaka rangi ya mafuta ienee sawasawa, kisha ayakamue yaliyozidi. Mafuta yakizidi huzuia hewa, na katika motokaa za kisasa huweza kukichafua kifaa kipimacho hewa. Mwisho, ukingo wa sponji upakwe grisi kidogo ikiwa kitabu cha chujio chaagiza hivyo, sponji ikalishwe vizuri, na kila klipu ifungwe.

Kuhusu siku za kufua, kitabu cha motokaa chatoa kipimo cha maili au kilomita, lakini vumbi halisomi kitabu. Aendaye kila siku kwenye barabara ya udongo nyuma ya malori hana budi kutazama chujio mara nyingi kuliko karani aendaye ofisini kwa barabara ya lami. Yafaa kuwa na sponji mbili, moja kazini na moja iliyokwisha kufuliwa na kutiwa mafuta, ili motokaa isisimame kungoja sponji ikauke, wala mtu asishawishike kuiendesha bila chujio.

Beseni la maji, sabuni na chupa moja ya mafuta ni gharama ndogo. Kuchonga silinda upya na kununua pistoni mpya ni gharama iwezayo kumeza mavuno ya msimu mzima.