Kabla ya kukata tiketi ya Istanbul kupandikiza nywele

Anayesafiri kwa ndege kutoka Istanbul siku hizi hakosi kuwaona: wanaume wenye bendeji kichwani, paji la uso limevimba, wameketi wima kwa kuogopa kuegemeza kisogo. Uturuki imejijengea jina kwa kupandikiza nywele. Bei yake, ambayo mara nyingi hujumuisha hoteli na gari la kumpokea mgeni uwanja wa ndege, ni sehemu ndogo tu ya inayotozwa London au New York. Lisilotajwa sana ni kwamba katika foleni hiyo wamo pia wanawake waliobadili jinsia, yaani waliozaliwa wakahesabiwa wavulana na sasa wanaishi kama wanawake.

Mama mmoja wa Mombasa ameniandikia kuhusu mwanawe anayeishi Uingereza. Mwanawe ni mtu mzima, ametumia homoni kwa mwaka mmoja na ushei, na sasa anaomba familia imchangie aende Istanbul. Mama haulizi kama mwanawe amefanya sawa. Hilo, anasema, walishalizungumza na kulilia nyumbani. Anauliza jambo moja: je, ni salama?

Upasuaji wenyewe, ukifanywa na daktari aliyeusomea, si wa kutisha. Wanaoumia wengi ni waliofanyiwa mapema mno, au waliofanyiwa na mtu asiyejua kwamba aliyelala mbele yake anahitaji mpaka wa nywele wa mwanamke.

Tazama paji la uso la mwanamume wa miaka arobaini. Mara nyingi nywele zimerudi nyuma kwenye panja zote mbili, zikaacha umbo kama la herufi M. La mwanamke huwa na mviringo, panja zimefunikwa, na kutoka katikati ya nyusi hadi nywele zinapoanzia ni karibu sentimita 5 hadi 6. Kwa wanaume wengi wazima ni zaidi ya hapo. Si umbo tu. Nywele za mbele za mwanamke hulala pande tofauti, nyingine huzunguka kama kishungi kidogo, na mpaka wenyewe haujanyooka kama uliopigwa kwa rula. Aliyezoea kupandikiza wanaume mia kwa mwezi humchorea kila mteja mpaka uleule, ulio juu na wenye pembe. Mgonjwa wetu atapata nywele, lakini atakuwa amenunua kwa gharama kubwa paji la uso lilelile alilotaka kuliacha.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Daktari hutoa mizizi ya nywele kisogoni na kuipanda mbele. Norman Orentreich, daktari wa ngozi wa New York, alianza kufanya hivi kwa watu wenye kipara mwaka 1952, na mwaka 1959 akachapisha alichokiona: nywele iliyohamishwa hubaki na tabia ya mahali ilikotoka. Nywele za kisogoni kwa kawaida hazidhuriwi na dihidrotestosteroni, homoni inayotengenezwa mwilini kutokana na testosteroni na ndiyo inayonyausha nywele za mbele. Kwa hiyo zikihamishiwa mbele, huendelea kuota.

Kipande kimoja kinachohamishwa huitwa grafti, nami nitakiita mche. Huwa na unywele mmoja hadi minne. Mpaka wa mbele hupandwa miche yenye unywele mmoja mmoja, ile minene ikakaa nyuma yake. Mkulima wa mpunga akimaliza miche kitaluni humwaga mbegu nyingine. Kisogo si kitalu cha aina hiyo, maana mche uliong'olewa haurudi. Watu wengi wana miche kama 4,000 hadi 6,000 ya kutoa katika maisha yao yote, na kushusha mpaka na kufunika panja mara nyingi huchukua 1,500 hadi 3,000. Anayeahidiwa miche 5,000 kwa siku moja ajue anachukuliwa akiba yake yote.

Hapa ndipo homoni zinapoingia, na ndipo wengi hukosea hesabu. Mwanamke aliyebadili jinsia akianza estradioli pamoja na dawa ya kuzuia testosteroni, nywele huacha kupungua, na zile zilizokuwa zimenyong'onyea tu, bila kufa, huweza kunenepa tena. Minoksidili na finasteridi nazo husaidia baadhi ya watu. Panja iliyokaa tupu miaka kumi haitarudi kwa dawa, lakini ukingo wake unaweza kusogea. Kwa sababu hiyo madaktari wengi hutaka mgonjwa akae kwenye homoni mwaka mmoja au zaidi kabla ya kupima mpaka. Mwaka na ushei wa huyu wa Uingereza ni muda unaokubalika, mradi vipimo vya damu vinaonyesha testosteroni imeshuka kweli.

Kuna upande wa pili ambao wauzaji hawautaji. Kwa kuwa homoni zimezuia upara, daktari anaweza kuthubutu kushusha mpaka chini kuliko ambavyo angefanya kwa mwanamume. Lakini mgonjwa akiacha homoni baadaye, kwa kukosa pesa, kwa ugonjwa au kwa hiari yake, nywele zake za asili zilizo nyuma ya zile zilizopandwa zinaweza kuanza tena kurudi nyuma. Hubaki ukanda wa nywele mbele na uwanja mtupu nyuma yake. Nani atamlipia miaka ijayo? Familia inayochanga nauli ijiulize hilo kwanza.

Ipo njia nyingine, ya kuchanja kwenye mpaka wa nywele na kuvuta ngozi ya kichwa mbele. Matokeo huonekana siku hiyohiyo, na mara nyingi huunganishwa na kupunguza mfupa wa juu ya macho, kazi iliyopata umaarufu kupitia daktari Douglas Ousterhout wa San Francisco tangu miaka ya 1980. Huacha kovu mbele na haijazi panja vizuri, hivyo wengine huvutwa kwanza kisha wakapandikizwa miezi kadhaa baadaye.

Kwa nini basi watu wanaishia Istanbul? Kwa sababu walipaji wengi wameamua kwamba nywele ni urembo. NHS ya Uingereza hulipia homoni na baadhi ya upasuaji, lakini kupandikiza nywele hakumo katika huduma zake za kawaida za kubadili jinsia. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya hii, WPATH, katika mwongozo wake wa 2022 kiliorodhesha kushusha mpaka wa nywele na kupandikiza miongoni mwa matibabu yanayoweza kuhitajika. Jimbo la Colorado nchini Marekani liliruhusiwa Oktoba 2021 kuingiza matibabu zaidi ya kubadili jinsia katika bima za msingi kuanzia 2023. Huduma zilizotajwa katika tangazo hilo ni pamoja na kurekebisha mifupa ya uso na kuondoa nywele kwa leza, lakini si kupandikiza. Yaani bima ikulipie nywele za kidevuni ziondoke, za kichwani ujitafutie mwenyewe! Kisha Juni 2025 serikali kuu ya Marekani ikatoa kanuni kwamba kuanzia 2026 matibabu ya kubadili jinsia yasihesabiwe kama huduma za msingi katika bima zilizo chini ya sheria ya 2010. Kadiri milango hiyo inavyofungwa, ndivyo tiketi za kwenda Uturuki zinavyovutia.

Kwa maoni yangu si urembo mtupu. Mwanamke anayegeukiwa na kutazamwa mara mbili kila anapopanda basi anabeba hofu ya kweli, na mahali pengi kutambuliwa ni kuhatarisha kupigwa. Lakini pia siwaamini wanaouza upasuaji huu kama dawa ya huzuni. Mwenye sonona atibiwe sonona, na nywele zifuate.

Hatari yenyewe ya Istanbul ni ipi? Zipo kliniki nzuri huko, na madaktari hodari. Zipo pia ambako daktari huonekana dakika tano akichora mstari kwa kalamu, kisha mafundi wanachukua kisu. Chama cha kimataifa cha madaktari wa kupandikiza nywele, ISHRS, kimekuwa kikionya wagonjwa kuhusu hilo kwa miaka mingi. Swali la kwanza basi si bei. Ni hili: nani, kwa jina, atakayetoboa ngozi yangu, na ana leseni gani? La pili: nionyeshe wanawake uliowafanyia, si wanaume. Akijibu kwa kukuonyesha hoteli, funga simu.

Kwa nywele zetu za kipilipili kuna swali la tatu. Mzizi wake umejipinda chini ya ngozi kama upinde, na kifaa kinachoingia wima humkata vipande asiye na uzoefu nazo. Mche uliokatwa ni mche uliokufa. Mwenye historia ya makovu manene yanayovimba, keloidi, aseme mapema, na ajaribiwe sehemu ndogo kwanza.

Wengi huficha panja kwa rasta za kubana na wigi za gundi wakisubiri siku ya upasuaji, na hapo huharibu hata kilichobaki. Mtego huu si wa waliobadili jinsia peke yao. Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town walikuta upara wa kuvutwa nywele kwa karibu mwanamke 1 kati ya 3 waliochunguzwa, na kwa asilimia 17 ya wasichana wa shule. Mzazi, ukiona vipele kwenye ukingo wa nywele za bintiye baada ya kusukwa, fumua siku hiyo.

Jambo jingine la kumwambia daktari bila kuficha ni dawa. Wapo wanaojinunulia vidonge vya uzazi wa mpango na kuvimeza kwa wingi badala ya homoni za hospitali. Vingi vina etinilestradioli, ambayo huongeza hatari ya damu kuganda kuliko estradioli ya kawaida, na sigara huzidisha. Upasuaji huchukua saa sita hadi nane mtu akiwa amelazwa, kisha kuna safari ya ndege. Kiasi cha dawa ya ganzi nacho hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, kwa sababu kikizidi huweza kudhuru moyo na ubongo. Kliniki isiyokupima uzito wala presha haifai.

Na kwa kijana aliye chini ya miaka ishirini, jibu ni kusubiri. Upara wake bado haujaonyesha utafika wapi.

Mama, mwanao akienda, jiandae kwa kitu kitakachowatia hofu: baina ya wiki ya pili na ya nane nywele zilizopandwa hudondoka karibu zote. Ni kawaida, mizizi imebaki. Huanza kuota mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka au zaidi. Lisilo la kawaida ni homa, usaha, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, au ngozi kugeuka nyeusi mahali palipopandwa. Hapo aende hospitali iliyo karibu naye siku hiyohiyo, asisubiri kliniki ya Istanbul ijibu ujumbe.