Una Chai Yako, Je, Malipo Yapotee?

Tangu mashine za kuchuma majani ziingie katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet, hofu ya kupunguzwa kazi imeingia katika maboma mengi. Mei 2023 hasira zilizidi hata mashine kadhaa zikachomwa moto.

Chukua mama aliyechuma kwa miaka 12. Anaambiwa kazi imekwisha. Nyumbani ana nusu ekari ya chai, majani anayapeleka kiwanda cha Kapkoros au Litein, analipwa kila mwezi na bonasi juu yake. Jirani anamwambia: "Wewe una chai yako, watakulipa kwa nini?" Naye kwa woga anatia sahihi karatasi yoyote anayowekewa mezani.

Usitie, dada yangu, kabla hujapiga hesabu.

Hapa Kenya hatuna mfuko wa kumlipa mtu kila mwezi kwa kukosa kazi. Penye misaada hiyo, kipato kingine huulizwa. Ujerumani, kwa mfano, anayelipwa hivyo huruhusiwa kupata Euro 165 kwa mwezi kutokana na kibarua; zikizidi anakatwa, na akifanya kazi saa 15 kwa wiki anakosa zote.

Yetu si msaada. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinalipa miaka uliyotumikia: mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia. Hakiulizi una ng'ombe wangapi. Tuseme mama yetu alipata Sh600 kwa siku. Siku 15 ni Sh9,000. Mara miaka 12 ni Sh108,000. Ongeza notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, na siku za likizo ambazo hakwenda. Mkataba wa chama cha wafanyakazi na waajiri unaweza kutoa zaidi, kwa hiyo muulize mwakilishi wenu. (Na wewe bwana wa nyumba, fedha hizo zina jasho la mkeo. Usizipangie bei ya pikipiki kabla hazijafika.)

Yako mambo mawili yanayowachanganya watu. Kuna malipo ya utumishi, yatolewayo mtu anapoachishwa kazi kwa notisi ya kawaida. Hayo mwanachama wa NSSF hayapati. Wengine huyasikia hayo wakadhani hata ya kupunguzwa kazi yamekufa. La, hayo yako palepale, isipokuwa mwajiri akifilisika, maana hapo sheria inafuata njia nyingine.

Akiba yako ya NSSF nayo iko kando, haipunguzwi na malipo haya. Lakini kupunguzwa kazi peke yake hakukufungulii mlango: umri ni miaka 60, au 50 kwa aliyeacha kazi ya kuajiriwa. Mwenye miaka 43 atangoje.

Kibarua wa msimu asijidharau pia. Aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo, kifungu cha 37 kinamtazama kama mwajiriwa wa mwezi.

Ukiona umeonewa, malalamiko kwa afisa wa leba yapelekwe ndani ya miezi 3. Kortini una miaka 3, na Mahakama ya Ajira na Leba iko Kericho mjini. Beba barua ya kuachishwa na karatasi za mshahara, hata zile zilizochakaa.