Bingwa wa Masafa Marefu Atafutwe Ziwa Tanganyika

Tanzania ina medali mbili za Olimpiki, na zote zilipatikana Moscow mwaka 1980. Suleiman Nyambui alitwaa fedha katika mita 5,000, Filbert Bayi akatwaa nyingine katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Septemba 2025, jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliipa nchi dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya riadha ya dunia, baada ya kumpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe wa marathoni. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, na kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Ukiyaweka majina hayo pamoja, jambo moja linajitokeza: Watanzania wanapotamba duniani, mara nyingi ni kwenye safari ndefu.

Kwenye kuogelea, nchi imeshika njia ya kinyume. Rio 2016, Hilal Hemed Hilal na Magdalena Moshi walishindana mita 50 mtindo huru. Paris 2024, Sophia Latiff aliogelea mita 50 na Collins Saliboko mita 100. Ni vijana waliojituma na wanastahili heshima kamili. Lakini nchi yenye bahari upande mmoja, na maziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa pande nyingine, imeendelea kutafuta jina katika mashindano yanayokwisha ndani ya dakika moja, mbele ya mataifa yenye mabwawa, maabara na makocha wa kuanzia chekechea. Bingwa wa kuogelea ambaye Tanzania inaweza kumlea kwa mazingira yake yenyewe ni wa masafa marefu, na pa kuanzia kumtafuta ni Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika.

Sababu za kung'ang'ania umbali mfupi zinaeleweka. Waogeleaji wa nchi changa kwa kawaida huingia Olimpiki kwa nafasi maalumu zinazotolewa ili kila taifa liwakilishwe, na nafasi hizo huishia kwenye mita 50 au 100. Pia kuna suala la mabwawa. Kwa miaka mingi mashindano ya taifa yametegemea mabwawa ya mita 25 ya shule za kimataifa jijini Dar es Salaam, na mwenye kiu ya zaidi hulazimika kunolewa nje, kama Hilal aliyefanya mazoezi Dubai. Anayeogelea mita 1,500 katika bwawa la mita 25 hugeuka ukutani mara 59, na kila anapogeuka husukuma ukuta kwa miguu na kupata ahueni kidogo. Ziwani hakuna ukuta wa kusukuma, wala hakuna wa kujengwa.

Afrika tayari ina mfano wa kusoma. Oussama Mellouli alizaliwa mwaka 1984 La Marsa, mji wa pwani jirani na Tunis. Akiwa na miaka 15 alikwenda Ufaransa kufanya mazoezi, kisha akavuka hadi Marekani, katika Chuo Kikuu cha Southern California. Njia yake haikunyooka. Mwishoni mwa 2006 alipimwa na kukutwa na dawa ya kusisimua mwili, akafungiwa miezi 18 na kupokwa ubingwa wa dunia wa mita 800 alioupata Melbourne mwaka 2007. Agosti 2008, Beijing, akiwa ametoka kumaliza adhabu hiyo, aliingia fainali ya mita 1,500 dhidi ya Grant Hackett wa Australia, aliyekuwa akiwania dhahabu ya tatu mfululizo ya umbali huo. Mellouli aligusa ukuta kwa dakika 14:40.84, Hackett kwa 14:41.53.

Miaka minne baadaye, London, alipata shaba katika mita 1,500. Siku sita tu zilipita, akaingia kwenye maji ya Serpentine ndani ya bustani ya Hyde Park kwa ajili ya kilomita 10. Alitoka na dhahabu kwa saa 1:49:55, akawa mtu wa kwanza kushinda dhahabu ya Olimpiki bwawani na kwenye maji ya wazi pia. Mwafrika wa pwani alifanya ambalo Wamarekani, Waaustralia na Wajerumani walikuwa hawajalifanya. Na alilifanya katika mchezo ambao ulikuwa umeingia Olimpiki mwaka 2008 tu, wakati milango yake bado ilikuwa wazi.

Mchezo wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Kilomita 10 huogelewa kwa mizunguko, maboya yakiwa ndiyo alama. Waogeleaji huenda wamebanana, viwiko vinagonga miwani, na mjanja hukaa nyuma ya miguu ya mwenzake ili maji yaliyokwisha kukatwa yampunguzie kazi. Makocha husimama kwenye gati linaloelea, kila mmoja ameshika fimbo ndefu yenye chupa kwenye ncha na bendera ndogo ya nchi yake. Muogeleaji hupita, hudaka chupa, hugeuka chali, hupiga mafunda mawili matatu, huitupa na kurudi kifudifudi. Yote hayo ni sekunde chache, na akizubaa kundi limemwacha. Bila mstari wa kumwongoza chini, inambidi kila baada ya mikono kadhaa ainue macho juu ya maji kutafuta boya, bila kuvunja mwendo.

Mambo haya hayafundishiki kikamilifu bwawani. Yanataka mawimbi, upepo, mwanga wa jua machoni na maji usiyoona chini yake. Kigoma ina vyote. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Joto la maji ya juu kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 24 na 28, ilhali kanuni za kimataifa huruhusu mashindano kati ya nyuzi 16 na 31. Ghuba ya Kigoma imekingwa na rasi ya Bangwe, na asubuhi mapema maji yake mara nyingi hutulia. Ufaransa ilitumia karibu yuro bilioni 1.4 kuusafisha mto Seine kabla ya Olimpiki ya 2024, na bado mazoezi yaliahirishwa kwa sababu ya uchafu. Hapa maji yapo, mradi maji taka ya mji yasiachwe kuyafikia.

Na watoto wapo. Kibirizi, Katonga na mwalo wa Ujiji, watoto hujirusha kutoka kwenye boti zilizofungwa, hushindana kulifikia dumu linaloelea, husaidia kusukuma mitumbwi ya dagaa ikirudi alfajiri na karabai zake. Hawaogopi maji. Lakini ukiwatazama kwa jicho la kocha utaona pengo. Wengi huogelea kichwa kikiwa juu, shingo imekakamaa, miguu imezama, mikono inayapiga maji badala ya kuyavuta. Kwa mita 30 inatosha. Kwa kilomita tatu, mwili utachoka kabla ya pumzi. Kutoa pumzi ndani ya maji, kugeuza uso pembeni badala ya kuunyanyua, kuuzungusha mwili mzima ili bega ndilo livute: haya ni mafunzo, na mtoto hayapati kwa kuzaliwa ufukweni tu. Waogeleaji wakubwa wa masafa marefu huweza kupita kilomita 60 kwa wiki moja. Mazoezi kama hayo juu ya mtindo mbovu huua mabega.

Mafunzo hayo yana faida iliyo kubwa kuliko medali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Tanzania haihitaji takwimu kulielewa hilo. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, Ziwa Victoria, na kuua watu 228. Kwenye Ziwa Tanganyika lenyewe, kwa miongo mingi meli ya MV Liemba ilishusha na kupakia abiria kwa mitumbwi, nje ya pwani, kwa sababu vijiji vingi havikuwa na gati. Kina mama walikuwa wakishuka na watoto mgongoni na magunia ya mihogo, juu ya maji ya kina kirefu, wengi bila kujua kuogelea. Kujua kuogelea hakuchukui nafasi ya chombo kizima na idadi halali ya abiria, lakini humpa mtu dakika ambazo asingekuwa nazo.

Wapo watakaosema ziwa lina mamba, kichocho na upepo. Ni kweli, na mpango wowote usioanzia hapo ni wa hatari. Mamba hupenda midomo ya mito kama Luiche na Malagarasi, na wavuvi wanajua sehemu za kukwepa kuliko ramani yoyote. Konokono wa kichocho hupenda zaidi maji mafu yenye majani kuliko maji ya wazi yanayopigwa na mawimbi. Upepo wa kusini wa kiangazi hupanda kadiri siku inavyokwenda, hivyo mazoezi yawe ya asubuhi na ndani ya ghuba. Jambo la msingi ni kuwapa wavuvi wenye uzoefu sauti ya mwisho kuhusu wapi na lini.

Wengine watauliza kuhusu wasichana, hasa Ujiji, mji wenye mizizi mirefu ya Kiislamu. Zanzibar imeshajibu. Nungwi na vijiji jirani, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea, walimu wakiwa wanawake na wanafunzi wakivaa mavazi yanayofunika mwili. Picha zao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Bangladesh nako, mpango wa SwimSafe ulitumia majukwaa ya mianzi yaliyozamishwa kwenye madimbwi ya vijiji, ili mtoto asimame salama anapojifunza. Fundi yeyote wa mitumbwi wa Kibirizi anaweza kuunda jukwaa la namna hiyo.

Kwa hiyo kazi inaweza kugawanywa bila kusubiri bwawa la mabilioni. Manispaa ya Kigoma Ujiji itenge eneo moja ndani ya ghuba, liwekewe maboya, jukwaa na mlinzi. Chama cha Kuogelea Tanzania kipeleke makocha wa kuwafundisha walimu wa shule za msingi, na kiwe na mchujo wa taifa wa kilomita tano kwenye maji ya wazi. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari iliyozoeleka kwa soka, netiboli, wavu na riadha, ifungue nafasi ya kuogelea ziwani kwa mikoa ya kando ya maziwa.

Halafu paanzishwe shindano la kila mwaka. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika miezi kama hiyo mitumbwi huwa imeegeshwa, na wavuvi hukosa kipato. Wakodiwe kwa malipo halali wawe walinzi wa waogeleaji, mtumbwi mmoja kwa kila kundi dogo, nahodha akiwa mtu anayelijua ziwa. Mwaka wa kwanza utoshe na kilomita moja kwa watoto na tatu kwa vijana, wote wakiwa na daktari na orodha ya majina ya kuingia na kutoka majini.

Na muda upo: Katie Ledecky wa Marekani alishinda dhahabu yake ya kwanza ya mita 800 London mwaka 2012 akiwa na miaka 15, na akaushinda tena umbali huo Rio, Tokyo na Paris. Ahmed Hafnaoui, Mtunisia mwingine, alishinda mita 400 Tokyo akiwa na miaka 18, baada ya kuingia fainali akiwa wa mwisho kwa muda. Mwanafunzi wa darasa la tatu anayeishi Katonga leo atakuwa na umri kama huo Olimpiki ya Brisbane itakapofunguliwa mwaka 2032. Muda huo unatosha kumfundisha mtindo, kumjenga mabega na kumpeleka kwenye mashindano ya Afrika, ikiwa bajeti ijayo ya manispaa itakuwa na fungu la maboya, jukwaa na posho ya mwalimu.