Daftari la Saa: Funzo Kutoka kwa Mchezo wa Go

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huhusishwa na biashara. Makala haya yanadai kwamba inauhusu pia wakati wa mwanafunzi, na kwamba daftari lisipoandikwa vyema huuficha upotevu badala ya kuufichua. Nitatumia mfano ambao huenda ukamshangaza msomaji: mchezo wa go.

Go ni mchezo wa ubaoni ulioanzia China zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ukastawi mno Japani na Korea. Ubao wake una mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361. Mmoja huweka mawe meusi, mwenzake meupe, kila mmoja akiwania kuzingira eneo kubwa zaidi. Tofauti na kete za bao letu, ambazo huzunguka kutoka shimo hadi shimo, jiwe la go likishawekwa halisogei: ama linabaki lilipo, ama linatekwa na kuondolewa.

Nilianza kujifunza mchezo huu katika mwaka wa kwanza wa uzamili. Kwa kuhofia usije ukaimeza tasnifu yangu, niliandika kila saa niliyoutengea. Baada ya majuma manne daftari lilionyesha saa 30, nami nikajisifu. Hata hivyo, mwenzangu wa kila Jumamosi aliendelea kunishinda vilevile. Ndipo nilipoongeza safu ya pili: si muda tu, bali kazi niliyoifanya ndani ya muda huo.

Majuma manne yaliyofuata yaliniaibisha. Kati ya saa 30, 17 zilikuwa za kutazama video za mabingwa wakicheza, 10 za kucheza, 2 za mafumbo ya uhai na mauti, ambayo humtaka mwanafunzi aamue kama kundi la mawe litapona au litakufa, na 1 pekee ya kuchambua mahali niliposhindwa. Ilhali mafumbo na uchambuzi ndivyo vitu ambavyo wajuzi wa go huwasisitizia wanafunzi wao. Nilikuwa mtazamaji aliyejiita mwanafunzi.

Mtego huu umezidi siku hizi. Mnamo Machi 2016, jijini Seoul, programu ya AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol michezo 4 kwa 1. Leo programu kama KataGo hupatikana bila malipo, nazo humwonyesha mchezaji kosa lake kwa sekunde chache. Hii ni neema kubwa. Lakini kulitazama jibu si kulifikia. Kwa hivyo nimeongeza safu ya tatu: kosa moja nililolitambua mwenyewe kabla ya kuiuliza tarakilishi. Safu hiyo ikibaki tupu, saa ile siihesabu kuwa ya masomo.

Wapo watakaodai kwamba kuhesabu saa huua raha ya mchezo. Hoja hiyo ina mashiko kwa anayecheza kujiburudisha. Huyo hadaiwi hesabu na yeyote. Lakini anayesema "ninajifunza" ametoa ahadi, na ahadi ni deni. Isitoshe, daftari lenyewe lisidai zaidi ya dakika mbili kwa siku, lisije likageuka kuwa kisingizio kingine cha kuikwepa kazi.

Nilipofungua ukurasa wa pili kwa ajili ya tasnifu, niligundua kwamba ugonjwa ulikuwa uleule. Juma la kwanza lilikuwa na saa 12 za maktabani: 11 za kusoma na kunakili yaliyosemwa na wahakiki wengine, 1 ya kuandika hoja yangu mwenyewe. Go haikuwa imeimeza tasnifu. Mmezaji alikuwa mimi, niliyekuwa nikihesabu kukaa kitini kuwa ndiko kusoma.

Ndugu msomaji, wengi wetu hujivunia saa tulizokesha vitabuni. Tujiulize basi zilizaa nini. Saa, mithili ya jiwe la go, ikishawekwa haisogezwi. Tuandike tuliiweka wapi, na kwa kazi gani, tungali na mawe mkononi.