Feza mkononi, deni mgongoni: namna ya kupima nguvu ya kampuni kabla ya kuikopesha

Lukafu – Mavuno ya mahindi yakiisha, macho ya wakulima wa Lukafu yanageuka kuelekea Lubumbashi. Soko kubwa liko huko. Siku hizi mnunuzi hafiki kila mara na feza mfukoni. Mara nyingi anakuja mtu wa kampuni inayolisha wafanya kazi wa mgodi, anapakia mifuko kwenye lori, anaacha karatasi yenye muhuri na kusema: «Mama, tutakulipa kisha siku 60.» Siku 60 zinakuwa 90, na 90 zinakuwa 150.

Kwa mama huyo swali ni moja: kampuni hii ina nguvu ya kunilipa? Watu wengi wanajibu kwa kutazama kwa macho. Wanaona malori mapya, ofisi yenye hewa baridi na mkubwa anayetembea na jipu. Lakini malori yanaweza kuwa ya mkopo, ofisi ni ya kupanga, na hata jipu labda ni mali ya benki. Kuna kipimo kingine ambacho hakidanganyiki upesi hivyo, na hesabu yake mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

Kipimo chenyewe

Unachukua feza ambayo kampuni iko nayo leo, unaigawanya kwa madeni yake yenye riba. Feza ya leo ni ile iliyo ndani ya sanduku na benki, pamoja na ile iliyowekwa mahali inapoweza kutolewa kwa siku chache. Deni ni mikopo ya benki, mikopo ya wafanya biashara wakubwa wa madini na ile ya kampuni mama, ya muda mfupi na ya muda mrefu.

Tuseme kuna kampuni mbili. Ya kwanza iko na dola milioni 6 benki, na mikopo yake ni milioni 4. Sita kugawanya kwa nne ni 1.5. Wakopeshaji wote wakibisha mlango asubuhi moja, inawalipa na inabakiza. Ya pili ina malori 60 na jina kubwa mjini. Iko na dola milioni 2 benki, na mikopo milioni 20. Mbili kugawanya kwa ishirini ni 0.10, maana yake kwa kila dola moja ya deni iko na senti kumi tu. Hiyo haitaanguka kesho kwa lazima, lakini inaishi kwa kutegemea kwamba shaba itauzwa vizuri, benki itavumilia na barabara haitafungwa. Moja ya hayo ikikatika, wa kwanza kuambiwa «ngoja kidogo» ni yule wa mahindi.

Kwenye mizania, ile karatasi wahasibu wetu wanaita bilan, namba hizi hazijifichi. Katika hesabu za mfumo wa OHADA, ambao Congo iliingia mwaka 2012, feza iko chini kabisa upande wa mali, na mikopo mikubwa iko upande wa pili chini ya mtaji. Mikopo ya muda mfupi ya benki inaandikwa chini kabisa upande huo huo, kwa hiyo usisahau kuijumlisha.

Kolwezi, 2015: kikohozi cha mbali

Mwaka 2015 bei ya shaba ilishuka sana. Glencore, kampuni kubwa ya Uswisi inayosimamia mgodi wa KCC kule Kolwezi, ilikuwa imebeba mzigo mzito. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa na feza karibu dola bilioni 2.7, na mikopo yote ilipita bilioni 40. Gawanya: inatoka chini ya 0.07. Glencore ilijitetea kwamba ina madini mengi ghalani yanayouzika haraka, na ukiyaondoa pamoja na feza yake, deni lilikuwa karibu bilioni 26. Utetezi huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini soko la hisa la London halikusubiri kuelezwa. Tarehe 28 Septemba 2015 hisa za Glencore zilianguka kwa karibu asilimia 30 kwa siku moja.

Ili kupata feza, Glencore iliuza hisa mpya za dola bilioni 2.5, ikasimamisha gawio la wenye hisa, na ikasimamisha uzalishaji wa KCC. Iliahidi miezi 18. Shaba ilianza kutoka tena mwisho wa 2017. Deni lililopimwa London na Uswisi lilizima mitambo Kolwezi, na wenye magari ya kukodisha, wauza mboga na wapangisha nyumba walijua maana yake kabla ya kusoma gazeti lolote.

Funzo la kwanza: usipime tu kampuni iliyo mbele yako. Pima na mama yake.

KCC, 2018: deni la nani?

Mwezi wa Aprili 2018, Gécamines, iliyokuwa na asilimia 25 ya KCC, ilikwenda mahakamani Kolwezi kuomba kampuni hiyo ivunjwe. Sababu ilikuwa kwamba madeni yalikuwa yamemeza mtaji. Sheria ya OHADA inadai kwamba mali ya kampuni ikishuka chini ya nusu ya mtaji wake, wenye hisa warekebishe hali kwa muda uliowekwa, la sivyo mwenye haki anaweza kuomba ivunjwe.

Jambo la kushangaza ni kwamba sehemu kubwa ya deni hilo haikudaiwa na benki. KCC ilidaiwa na kampuni za kundi lake mwenyewe. Kwa miaka mingi KCC ilikopa kwa wakubwa wake na kuwalipa riba, na Gécamines ililalamika kwamba kwa namna hiyo gawio la Wakongomani halitafika kamwe. Mwezi wa Juni 2018 walipatana: dola bilioni 5.6 za deni ziligeuzwa kuwa mtaji, likabaki deni la bilioni 3.45, na Gécamines ikalipwa dola milioni 150 kumaliza ugomvi wa zamani, pamoja na milioni 41 za gharama za utafiti.

Kwa hiyo, ukiona namba ya deni, uliza linadaiwa na nani. Deni la benki lina tarehe, na tarehe hiyo haina huruma. Deni la mama wa kampuni linaweza kusogezwa au kugeuzwa mtaji, lakini pia linaweza kuwa bomba la kutolea faida nje ya inchi.

Chemaf: mradi mzuri, feza imeisha

Hapa Lubumbashi wenyewe tuna mfano wa karibu zaidi. Chemaf, inayochimba Étoile, ilipata mwanzoni mwa 2022 mkopo wa dola milioni 600 uliopangwa na Trafigura, kwa ajili ya kupanua Étoile na kujenga mgodi wa Mutoshi, Kolwezi. Wakati ule tani moja ya kobalti ilikuwa ikielekea kupita dola 80,000. Kwenye karatasi, hesabu ilikubali.

Kisha bei ikaporomoka. Mwanzoni mwa 2025 tani ilikuwa chini ya dola 25,000. Deni halikushuka pamoja na kobalti. Lilibaki pale pale na riba yake. Feza ya kumalizia ujenzi ikakosekana na wenye kampuni wakaanza kutafuta mnunuzi. Mwezi wa Juni 2024 ilitangazwa kwamba Norin Mining ya China itanunua. Gécamines, ambayo ndiyo mwenye haki ya ardhi ya Mutoshi, ilikataa, na mwaka 2025 mapatano hayo yakavunjika.

Udongo wa Étoile na Mutoshi haukupoteza shaba yake hata gramu moja wakati huo wote. Mali ilikuwepo. Kilichokosekana ni feza ya leo mbele ya deni la leo.

Kobalti ghalani si feza

Tarehe 22 Februari 2025 serkali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya inchi ili kuinua bei. Zuio la miezi minne likaongezwa, hadi mfumo wa viwango ulipoanza katikati ya Oktoba: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, na tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Bei ilipanda kweli, na serkali ilikuwa na sababu zake.

Lakini kwa miezi hiyo, kampuni yenye maghala yaliyojaa kobalti haikuweza kulipa fakture hata moja kwa kobalti hiyo. Mwenye feza benki, au mwenye shaba nyingi ya kuuza, alivuka. Aliyetegemea kobalti peke yake huku anadaiwa alibanwa. Ndiyo maana kipimo chetu hakihesabu mali ya ghalani, wala TVA ambayo serkali inapaswa kurudisha na ambayo kampuni za madini zimeilalamikia kwa miaka mingi. Mkulima wa Lukafu analijua jambo hili bila kufundishwa: mahindi yaliyo ghalani wakati barabara imekatwa na mvua hayalipi karo ya mtoto.

Pale kipimo kinapodanganya

Namba ndogo haina maana kwamba mwenye kampuni ni mwizi. Mgodi unaojengwa lazima ukope kabla ya kuuza hata kilo moja, kwa hiyo uwiano wake utakuwa chini kwa miaka kadhaa. Uliza kama uzalishaji umeanza na kama faida ya kazi inatosha kulipa riba.

Namba kubwa nayo inaweza kuwa rangi ya juu. Mizania ni picha ya siku moja, mara nyingi 31 Desemba. Kampuni inaweza kuchelewesha malipo yote ya mwezi huo ili sanduku lionekane limejaa, kisha ikalipa Januari. Dawa ni kutazama miaka mitatu mfululizo. Uwiano unaotoka 0.8 kwenda 0.4 kisha 0.15 unasema mengi kuliko namba moja peke yake.

Tazama pia tarehe za deni. Milioni 20 za kulipwa kwa miaka kumi si sawa na milioni 20 za kulipwa kabla ya Pasaka. Na usitumie kipimo hiki kwa benki, kwa sababu feza ya benki ni deni lake kwa wateja. Benki ina vipimo vyake.

Kuna shimo moja ambalo wengi hawalioni. Hesabu hii inashika deni lenye riba, lakini fakture ya mama wa mahindi haimo. Iko kwenye mstari mwingine, ule wa madeni ya wauzaji. Kampuni isiyokopa benki inaweza kuonekana safi, kumbe inaishi kwa kuwakopa wauzaji wake bila riba. Jumlisha mstari huo pia. Kampuni ikianguka, wafanya kazi wanatangulia kwa sehemu ya mishahara yao, benki zinashika vitu zilivyowekewa dhamana, na mwenye fakture tupu anasimama mwisho wa mstari.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sasa

Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 iliweka kazi za sutretansi mikononi mwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Ni hatua nzuri, lakini ina upande wa pili ambao hausemwi sana. Mkongomani anayechukua kazi ya kusafirisha, kulisha au kulinda mgodi sasa amekuwa mkopeshaji wa mgodi huo. Analipa mafuta na mishahara leo, na yeye analipwa kisha miezi mitatu. Naye anamkopa mama wa Lukafu. Mnyororo wote unaning'inia kwenye feza ya kampuni moja.

Tumeshaona mnyororo ukikatika. Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba mwaka 1986. Miaka michache baadaye mgodi wa Kamoto uliporomoka, mitambo ikakosa matengenezo, madeni yakapita dola bilioni moja na mishahara ikalala miezi kwa miezi. Mwaka 2003 wafanya kazi 10,655 waliondoka kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Katika mitaa ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, familia nyingi zingali zinaisimulia habari hiyo. Waliamini kwamba mama Gécamines hawezi kufa, kwa sababu ni mkubwa.

Basi kabla ya kutoa mali kwa deni, mambo manne. Moja, omba mizania. Kampuni zinapaswa kuiweka kwenye rejista ya biashara, na zile zilizo kwenye soko la hisa zinaitangaza kwa wote. Mbili, gawanya feza kwa deni, kwa miaka mitatu. Tatu, ukikuta namba iko chini na inashuka, usikatae kazi lazima, lakini badilisha masharti: nusu mbele, nusu wakati wa kupokea, au siku 30 badala ya 90. Nne, usimpe mteja mmoja mavuno yote.

Anayeuza mifuko ishirini hatapewa mizania ya mgodi, hilo tunalijua. Lakini wakulima ishirini wakiuza pamoja, kwa karatasi moja na sauti moja, wanaweza kuiomba, na mnunuzi anayekataa kuionyesha atakuwa amewajibu. Chama cha wakulima kinaweza kumlipa mhasibu kijana wa Lubumbashi kwa siku moja tu aifanye hesabu hiyo, na bei ya siku hiyo ni ndogo kuliko bei ya msimu mmoja usiolipwa.