Jinamizi, Ramli na Mauaji ya Vikongwe

Kila inapotoka taarifa kwamba bibi mmoja amekatwa mapanga huko Shinyanga au Geita, sisi wasomi wa mijini hutoa jibu lilelile: ushirikina, ujinga, elimu haijafika. Ni jibu jepesi, na halijaokoa maisha ya mtu. Naomba leo tuanzie pale ambapo baadhi ya tuhuma hizo huanzia, yaani kitandani, saa tisa ya usiku, mtu anapozinduka na kujikuta hawezi kuinua hata kidole.

Kwa Kiswahili hali hiyo huitwa jinamizi. Wengi husema tu kwamba wamekabwa. Macho yamefumbuka, chumba kinaonekana, sauti haitoki, kifua kimeelemewa, na kando ya kitanda amesimama mtu. Anayesimulia hayo hasemi uongo. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, kipindi chenye ndoto nyingi. Baadaye ikafahamika kwamba wakati huo ubongo huilegeza karibu misuli yote, ukiacha ile ya macho na ya kuvuta pumzi, ili mwotaji asiinuke akaanza kuitenda ndoto yake. Katika jinamizi fahamu hutangulia kuamka, mwili ukiwa bado umefungwa na ndoto ikiendelea ndani ya chumba halisi. Pumzi fupi isiyotii amri hugeuka kuwa mkono shingoni. Baada ya sekunde kadhaa, au dakika chache, yote hutoweka.

Brian Sharpless na Jacques Barber, waliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2011, walikadiria kwamba asilimia 7.6 ya watu kwa jumla wamewahi kupatwa na hali hii angalau mara moja. Kwa wanafunzi kiwango kilifika asilimia 28.3. Wanafunzi wanaokesha wakati wa mitihani hawatashangaa. Wapo pia vijana wanaojitafutia wenyewe, kwa kufuata maelekezo ya mtandaoni ya namna ya kuota huku mtu akijua kwamba anaota. Ndoto hizo zipo kweli. Mwaka 1975 huko Uingereza Keith Hearne alinasa ishara za macho alizopewa na mtu aliyekuwa usingizini. Lakini mbinu inayopendekezwa sana, ya kuamka kabla ya alfajiri kisha kurudi kulala huku akili ikilazimishwa kubaki macho, humpeleka mtu moja kwa moja mlangoni pa jinamizi. Mwanafunzi wa Dodoma anayeona kivuli baada ya jaribio kama hilo atafungua simu, atasoma, na kesho yake atawasimulia wenzake kwa kicheko.

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu hana nafasi hiyo. Leo anashuka kwenye duara usiku na kulala mchana chini ya turubai lenye joto. Kesho zamu imegeuka. Anajitupa chali kwa uchovu, pengine baada ya pombe kali, akiwa na hofu ya kufukiwa na kifusi. Usingizi uliovurugika, uchovu, wasiwasi na kulala chali ni mambo yanayojulikana kuchochea jinamizi, na machimboni yote yamekusanyika. Isitoshe, dhahabu ni mali ya bahati, na asiyeipata huanza kujiuliza ni nani aliyemfunga.

Swali lake, "Nani alinikalia kifuani?", ni swali halali la mtu aliyeona na kuhisi. Ni nadra zahanatini kuulizwa habari za usingizi. Mpiga ramli yeye humwuliza, humsikiliza, na humpa jibu lenye sura: ni bibi wa jirani, mjane, mwenye macho mekundu. Macho hayo yameiva kwa moshi wa kuni na samadi wa miaka hamsini jikoni. Anayeamka hoi huweza hata kuambiwa kwamba usiku kucha alikuwa akilimishwa shamba la mchawi. Na mara nyingine yupo ndugu anayelitamani shamba la mjane huyo, ambaye ramli inamfaa kuliko mtu yeyote.

Wakazi wa Newfoundland, nchini Kanada, nao husimulia hali hii kama bibi kizee anayemkalia mtu kifuani. Wajapani huiita kanashibari. Ubongo wa binadamu ni mmoja. Ila ajuza wa Newfoundland hana anwani. Wa Usukumani ana jina, nyumba na ekari tatu.

Hata Visiwani tumeyaona. Mwaka 1995, miezi kadhaa kabla ya uchaguzi wa vyama vingi, hofu ya popobawa ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi. Wapo waandishi walioona katika masimulizi yale dalili za jinamizi. Mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati uliodhani kwamba ndiye popobawa.

Nitaambiwa kwamba ninaishusha siasa hadi kwenye mto wa kulalia. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwishaeleza jinsi kuhamishiwa vijijini miaka ya 1970 kulivyozidisha tuhuma za uchawi miongoni mwa Wasukuma, kwa kuwabananisha watu waliozoea kuishi mbalimbali. Sina ubishi naye. Jinamizi halishiki panga. Panga hushikwa na aliyekodiwa, na anayemkodi ana hesabu zake. Lakini hesabu hizo huhitaji ushahidi wa kuwaridhisha majirani, na jinamizi ni ushahidi usioisha, kwa sababu kesho usiku litampata mtu mwingine.

Serikali yetu nayo imeshughulika na mpiga ramli ikamsahau aliyekabwa. Sheria ya Uchawi tuliirithi kwa mkoloni tangu mwaka 1928, na bado inampa Mkuu wa Wilaya uwezo wa kumhamisha anayetuhumiwa, kana kwamba kosa ni lake. Januari 2015 ramli zilipigwa marufuku na waganga wakakamatwa. Niliiunga mkono hatua hiyo. Hata hivyo, marufuku haikumwambia mtu yeyote ni kitu gani kilichomlalia usiku, na mwenye swali lisilojibiwa humfuata mganga hata akijificha porini.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa jambo hili kwa mchana mmoja, na mwalimu wa Biolojia wa sekondari ya kata anaweza kulieleza kwa kipindi kimoja. Yasemwe kwa Kisukuma pia, kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya sungusungu na wazee: uliyoyaona uliyaona kweli, na hakukuwa na mtu chumbani. Lala ubavu. Lala saa zilezile kila zamu inapokuruhusu. Likikupata, usipigane nalo. Jaribu kutikisa kidole cha mguu mpaka mwili ufunguke. Likija mara kwa mara, na mchana unasinzia hovyo hata ukiwa kazini, nenda hospitali. Mwenye duara naye aulizwe, na maofisa wanaokagua machimbo, watu wake hulala saa ngapi na wapi.