MKUTANO WA TABORA HAUKUWA WA MAKOFI

Uamuzi wa Busara wa Tabora umegeuka kuwa jina tu. Hutajwa jukwaani, watu hupiga makofi, kisha husemwa mengine. Wengi wanaolitaja hudhani kuwa wajumbe wa Januari 1958 walikuja Tabora wakiwa wamekwisha kukubaliana. La, hasha!

Serikali ya Kiingereza ilikuwa imetuletea uchaguzi wenye mtego. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Tena ili uandikishwe yakupasa uwe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya miaka minane, au cheo kilichotajwa na sheria. Mkulima wa Unyamwezi angeyapata wapi hayo? Wajumbe wengi walitaka tuususie, na hasira yao ilikuwa ya haki.

Bw. Nyerere, ambaye Tabora ilimjua tangu akiwa mwanafunzi, kisha mwalimu wa St. Mary's, alisimama kuwapinga wenzake. Tukisusa, viti vitakwenda kwa UTP, chama kilichozaliwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining, nao ndio watakaosema kwa jina letu. Walibishana sana, kisha kura ikapigwa. Bw. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka akaanzisha Congress. Twamheshimu kwa kusema wazi, ingawa kwa maoni yetu alikosea: TANU na wale iliowaunga mkono walishinda uchaguzi wa 1958 na 1959, UTP ikafa, na Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ikashushwa.

Tabora si mahali pa watu kunyamaza. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, walikuwa na kirangozi wao waliyemkubali wenyewe. Posho ikipunguzwa walitua mizigo, hawaendi. Wazungu walioandika vitabu wakawaita wakaidi. Sisi twawaita watu waliojua bei ya mabega yao.

Sasa tazama mikutano mingi ya matawi. Agenda husomwa siku hiyo hiyo, mjumbe akiuliza huambiwa anavuruga umoja, na baada ya saa moja watu wanagawana soda. Umoja gani huo usiostahimili swali?

Na maswali yapo. Mkataba wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa sahihi Desemba 2021. Reli ya kwanza ilifika hapa 1912, ikawaondolea wapagazi kazi yao, na mji ukabaki mahali pa kubadili treni. Hii ya pili itatufanyia nini? Vijana wa Ng'ambo na Isevya wafunzwe kazi gani? Asali na tumbaku zitengenezwe hapa, au zipite tu kama pembe za ndovu zilivyopita? Na miembe ya njia ya zamani, nani anailinda?

Twataka kila tawi la Tabora mjini liwapelekee wanachama agenda wiki moja kabla ya mkutano, jambo la reli likiwa la kwanza. Wanaopinga wapewe nafasi kabla mwenyekiti hajafunga mjadala, na katibu aandike hoja zao pia. Mkutano ukichukua siku tatu, na uchukue.